Nakala rudufu kwenye ofisi ya mifumo mchanganyiko: zinakokwama na pa kuanzia kutafuta

Ichukue ofisi ya kawaida ya mjini, iwe Dar es Salaam au Mombasa. Mhasibu ana kompyuta ya Windows yenye QuickBooks au Tally, anayebuni vipeperushi ana Mac, mkurugenzi ana laptopu anayosafiri nayo, na kwenye kabati la mtandao kuna mashine ya Linux yenye diski mbili kubwa. Fundi kaja, kafunga kila kitu, kaonyesha mafaili yakiingia kwenye seva, kalipwa, kaondoka. Kuanzia siku hiyo ofisi nzima inaamini ina nakala rudufu. Imani hiyo hudumu hadi diski ya mhasibu inapokufa, na hapo ndipo inapogundulika kwamba faili la hesabu lililofika kwenye seva mara ya mwisho ni la miezi mingi nyuma.

Kunakili kwenyewe ni kazi nyepesi kwa kompyuta. Kinachosumbua ni kwamba Windows, Mac na Linux hazikubaliani faili ni kitu gani: jina lake linaandikwaje, mwenye nalo ni nani, liliguswa saa ngapi, na kama linaweza kusomwa wakati mtu mwingine amelifungua. Ukibaki ndani ya mfumo mmoja tofauti hizi huzioni. Zinajitokeza nakala inapovuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, tena usiku, wakati hakuna wa kusoma ujumbe wa kosa.

Nani amfuate nani

Uamuzi wa kwanza ni mwelekeo. Ama kila kompyuta isukume mafaili yake kwenda kwenye seva, ama seva izungukie kompyuta na kuyavuta. Ofisi nyingi huanza kwa kusukuma kwa sababu ni rahisi: unafungua folda ya pamoja kwenye seva, unaipa Windows nenosiri, basi. Ubaya wake ni kwamba kompyuta yenye ruhusa ya kuandika kwenye nakala ina ruhusa ya kuziharibu pia. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hupita kwenye kila folda ya mtandao ambayo mtumiaji anaweza kuiandikia, na nakala zikawa zimekwenda pamoja na mafaili halisi. WannaCry, mojawapo ya virusi hivyo, iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017, ilizidi hapo: ilisambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine kupitia udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, itifaki ileile ambayo Windows huitumia kushirikiana mafaili.

Kwa sababu hiyo napendelea kuvuta. Seva ya Linux inashika funguo zote, inaingia kwenye Windows kwa SMB kupitia akaunti ya kusoma tu, inaingia kwenye Mac kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta kwa mbali) na rsync (programu ya kunakili mabadiliko tu), na hakuna kompyuta ya mtumiaji yenye nenosiri la kuifikia seva. Sharti ni moja: seva hiyo isifanye kazi nyingine yoyote, kwa maana atakayeiteka amezipata kompyuta zote. BackupPC, programu huria ya Craig Barratt iliyotoka mwaka 2001, imejengwa juu ya mpango huu. Huzungukia kompyuta, huangalia ipi iko hewani, na faili lililo sawa kwenye kompyuta kumi hulihifadhi mara moja tu.

Laptopu ya safarini haivutiki. Hiyo isukume kwa restic au Borg, programu huria za nakala rudufu, na seva iwekwe hali ya kupokea tu, ili laptopu iweze kuongeza nakala mpya bila uwezo wa kufuta za zamani. Time Machine, programu ya nakala rudufu ya Mac, nayo husukuma, na Samba, programu ya Linux ya kushirikiana mafaili kwa SMB, imeweza kuipokea tangu toleo la 4.8 la mwaka 2018. Iwekee kikomo cha ukubwa tangu mwanzo, kwa sababu Time Machine huendelea kujaza mpaka nafasi iliyopewa iishe.

Saa ya kazi na swichi ukutani

Ukiandika kwenye cron, kipangaji cha kazi cha Linux, kazi ianze saa 2 na dakika 0, kompyuta inaelewa saa nane usiku. Hilo mafundi wanalijua. Wanalolisahau ni kwamba seva nyingi, hasa zilizowekwa kwa haraka bila kuchagua eneo, huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu. Kazi hiyohiyo itaanza saa kumi na moja alfajiri, na ikiwa ndefu itakuwa bado inakokota watu wakiingia kazini. Amri ya timedatectl inakuonyesha seva iko wapi. Ipange Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi yaishe.

Tatizo kubwa zaidi ni umeme. Kwenye ofisi nyingi wa mwisho kutoka anazima swichi ukutani, na ni tabia nzuri, inaokoa fedha na inakinga vifaa. Ila kompyuta iliyozimwa ukutani haiwezi kuamshwa kupitia mtandao, hata kama Wake-on-LAN imewashwa, kwa sababu kadi ya mtandao yenyewe haina umeme. Na cron haikumbuki kazi iliyokosa saa yake. Inasubiri kesho, na kesho swichi imezimwa tena. Kwenye Linux tumia anacron, au kipima saa cha systemd chenye Persistent=true, ambavyo huifidia kazi iliyopitwa mara mashine inapowaka. Kwenye Windows, Task Scheduler ina kisanduku cha kuanzisha kazi haraka iwezekanavyo ikiwa muda wake umepita, na kwa kawaida hakijatiwa alama. Ina kisanduku kingine kinachosema kazi ianze tu kompyuta ikiwa kwenye umeme, na hicho huja kimetiwa alama. Laptopu inayotumika kwa betri mchana kutwa haitanakiliwa kamwe, na Windows haitaona kosa lolote, kwa sababu imetii ilivyoamriwa.

Kwa ofisi za namna hii naona saa saba mchana, watu wakienda kula, ni wakati bora kuliko saa nane usiku. Nakala ya kwanza ndiyo nzito. Zinazofuata hubeba mabadiliko tu, na kwa ofisi ya kawaida hayo hupita katika muda wa chakula.

Nakala ya kwanza nayo ina hesabu zake. Waya wa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, kwa uhalisia, hupitisha kama megabaiti 11 kila sekunde. Gigabaiti 500 zitachukua zaidi ya saa 12. Kwenye gigabiti 1 kazi hiyohiyo huisha kwa saa moja na ushee. Waya wenye jozi moja iliyokatika au plagi iliyobanwa vibaya hushuka kutoka gigabiti hadi megabiti 100 bila kulalamika, kwa hiyo kabla ya kuilaumu programu tazama kasi iliyoandikwa kwenye swichi ya mtandao.

Faili lililofunguliwa

Hapa ndipo data za thamani zaidi hupotea, kwa sababu faili linalofunguliwa kutwa ndilo faili lenye kazi nyingi. Windows hufunga faili linalotumika. Ukijaribu kulisoma kwa mtandao wakati mhasibu ana QuickBooks mbele yake, au wakati Outlook imeshikilia faili lake la barua pepe, PST, utakataliwa. Programu ya kunakili huandika onyo, hulipita, na kuendelea na mengine. Mwishoni inaripoti kwamba mafaili elfu kadhaa yamenakiliwa na moja limeshindikana. Moja hilo ndilo hesabu za kampuni.

Dawa ya Windows inaitwa VSS, iliyokuja na Windows XP na Server 2003. Huchukua picha ya diski ilivyo kwa wakati mmoja, na programu ya kunakili husoma picha hiyo huku mhasibu akiendelea na kazi. Kasoro ni kwamba VSS inaishi ndani ya Windows. Seva ya Linux inayosoma folda ya pamoja kupitia SMB haiipati. Inaona faili lililofungwa tu. Kwa hiyo kwenye kompyuta zenye hesabu lazima kiwepo kitu kinachofanya kazi ndani ya Windows yenyewe: restic inayotumia VSS, au chombo cha programu ya hesabu kinachotoa nakala yake kwenye folda nyingine, kisha seva inaivuta nakala hiyo. Njia hii ya pili haina mbwembwe na naiamini zaidi. VSS ikigoma, amri ya vssadmin list writers itakuonyesha sehemu ipi imeshindwa, na mara nyingi chanzo ni diski iliyojaa hadi picha ikakosa pa kukaa.

Linux na Mac zina hatari ya upande wa pili. Hazikatai. Zitakuruhusu unakili mafaili ya MySQL au PostgreSQL huku hifadhidata inaandika, na utapata nakala ambayo mwanzo wake ni wa saa nane kamili na mwisho wake ni wa saa nane na dakika tano. Inaonekana nzima mpaka siku ya kuirejesha. Hifadhidata itolewe kwanza kwa mysqldump au pg_dump, ndipo faili lililotoka linakiliwe.

Majina, wenye mali na dakika

Linux inaona Mkataba.docx na mkataba.docx kuwa mafaili mawili. Windows inaona moja. Nakala ya folda ya Linux ikitua kwenye diski ya Windows, moja litaandikwa juu ya jingine bila swali. Mac nayo humruhusu mtumiaji kuita folda "Risiti 12/03", kwa kuigeuza mkwaju kuwa nukta mbili chinichini, na nukta mbili ni miongoni mwa alama ambazo Windows haizikubali kwenye jina, pamoja na nyota, alama ya kuuliza na mabano ya pembe. Hapo folda nzima inaweza kurukwa.

Kwa ofisi zinazoandika Kifaransa, kama za Bujumbura au Goma, kuna mtego wa ziada. Herufi yenye alama juu, mfano é katika "février", ina namna mbili za kuhifadhiwa: kama herufi moja, au kama e ikifuatwa na alama yake. Kwa macho hazitofautiani. Mfumo wa zamani wa diski za Mac, HFS+, hulazimisha namna ya pili, wakati Linux na Windows kwa kawaida huandika ya kwanza. rsync inaona majina mawili tofauti, inanakili upya kila usiku, na ikiwa imeruhusiwa kufuta, inafuta na kuandika upya bila kikomo. Tangu toleo la 3.0 rsync ina chaguo la --iconv la kutafsiri kati ya namna hizo. Lakini kwa miaka mingi Apple iliendelea kusambaza rsync 2.6.9 ya mwaka 2006, isiyo na chaguo hilo. Ukikutana na Mac, angalia kwanza toleo la rsync ililonalo.

Saa ya faili ni chanzo kingine cha kunakili upya kusikoisha. Diski ya nje yenye FAT32, mpangilio wa zamani wa diski, huandika saa ya faili kwa hatua za sekunde mbili, hivyo nusu ya mafaili huonekana yamebadilika; --modify-window=1 inatatua. FAT32 hiyohiyo haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na faili la PST la mtu asiyefuta barua pepe hupita hapo mapema. Ushauri wangu ni kutoitumia FAT32 kwa kazi hii hata siku moja. Diski iliyo kwenye seva ya Linux iwe ya mpangilio wa ext4 au ZFS, ili angalau majina, wenye mali na saa vihifadhiwe vizuri upande wa kupokea.

Halafu ruhusa. Tangu macOS Mojave ya mwaka 2018, hata msimamizi mkuu anakataliwa kusoma barua pepe na folda kadhaa za mtumiaji mpaka programu husika ipewe ruhusa ya diski nzima kwenye mipangilio ya faragha. Mtu anaingia kwa root, anapata "Operation not permitted", anahangaika na chmod, amri ya kubadili ruhusa, siku nzima. Chmod haina kosa. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ipe ruhusa programu inayonakili au huduma ya SSH, na kazi itapita.

Inafanya kazi kwa mkono, usiku haifanyi

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara ni kwamba usiku kazi inaendeshwa na mtu mwingine. Kwenye Linux, cron ina orodha fupi ya njia za kutafutia amri na haina ufunguo wa SSH ulioufungua wewe asubuhi kwa nenosiri. Kwenye Windows, diski Z: uliyoiunganisha ni yako wewe uliyeingia, kazi inayoendeshwa na akaunti nyingine haiioni. Andika njia kamili, \\seva\nakala, na usahau herufi ya diski. Nenosiri la akaunti hiyo likibadilishwa, kazi itashindwa kuanzia usiku huo na kuendelea.

Ukitafuta kosa, fuata safari ya faili kuanzia mlangoni. Je, kompyuta inafikika? Ping, amri ya kuuliza kama mashine ipo, peke yake haitoshi, kwa sababu fayawoli ya Windows inaweza kuizuia ping huku poti 445, mlango wa SMB, iko wazi, au kinyume chake. Jaribu poti yenyewe. Windows iliyohamishiwa ruta mpya huweza kuuona mtandao kuwa wa hadharani na kufunga ushirikiano wa mafaili. Anwani zinazogawiwa na ruta hubadilika umeme unaporudi, hivyo zifunge kwa kila mashine kwenye ruta. Ikifikika, je, inakuruhusu kuingia? Kisanduku cha zamani cha kuhifadhia kinachojua SMB toleo la kwanza tu hukataliwa na Windows za sasa, kwani tangu Windows 10 ya mwishoni mwa 2017 toleo hilo haliwekwi tena kwa kawaida. Windows 11 toleo la 24H2 imeongeza ukali: inadai ujumbe wa SMB utiwe saini na inakataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Ofisi nyingi zilizoona nakala zikikatika ghafla baada ya sasisho ziko hapa, na suluhisho ni kuipa folda akaunti halisi. Usiulegeze usalama wa Windows kwa ajili ya kisanduku kikuukuu.

Ikiingia na bado inashindwa, soma namba aliyoiacha rsync. 255 inatoka kwa SSH, maana yake safari haikuanza. 23 ni kwamba baadhi ya mafaili hayakupita, mara nyingi kwa ruhusa, na inastahili kusomwa kila inapotokea. 24 ni mafaili yaliyotoweka katikati ya kazi, kama ya muda ya kivinjari, na unaweza kuivumilia. 11 mara nyingi ni diski iliyojaa.

Diski iliyojaa inanileta kwenye kosa baya kuliko mengine. Diski ya nakala haikuunganishwa baada ya umeme kukatika, lakini folda /mnt/nakala ipo, tupu, kwenye diski ya mfumo. rsync inaandika humo kwa furaha mpaka seva nzima inasimama. Kinyume chake ni hatari zaidi: chanzo ndicho hakikuunganishwa, kinaonekana kitupu, na rsync yenye --delete, inayofuta kisichopo kwenye chanzo, inaufanya upande wa nakala uwe mtupu pia. Skripti yoyote ianze kwa mountpoint -q, amri inayohakiki kama diski imeunganishwa, kwa pande zote mbili, na ikatae kuendelea ikipata jibu baya. Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza terabaiti 77 za utafiti mwezi Desemba 2021 kutokana na skripti ya mfumo wa nakala rudufu iliyobadilishwa wakati inaendeshwa, ikaishia kufuta mafaili halisi badala ya kumbukumbu za zamani.

Kimya

Tarehe 31 Januari 2017, mfanyakazi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu mtandaoni, aliyekuwa amechoka alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Ilikuwa na kama gigabaiti 300, zilibaki 4.5. Walipogeukia nakala zao za pg_dump wakakuta hazipo. Chombo kilichokuwa kinazitoa kilikuwa toleo la 9.2, hifadhidata ilikuwa 9.6, na kazi ilikuwa inashindwa kila siku. Barua pepe za onyo zilikuwa zinatumwa kweli, ila zilikataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji, DMARC. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfumo unaotuma ujumbe ukishindwa tu hautoshi, kwa sababu kinachoua kazi huweza kuua na ujumbe. Kazi itoe taarifa kila inapofaulu, kwa mashine nyingine iliyo nje, na mashine hiyo ipige kelele ikipita siku bila kusikia kitu. Kipimo kiwe kwenye matokeo: faili jipya kuliko yote la folda ya mhasibu lina umri gani, na jumla ya ukubwa imeshuka ghafla au la.

Nakala moja iwe nje ya jengo. Moto wa tarehe 10 Machi 2021 kwenye vituo vya seva vya OVHcloud, Strasbourg, uliwapotezea data wateja ambao nakala zao zilikuwa palepale na data halisi. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5, gigabaiti 500 zinachukua zaidi ya siku 9, kwa hiyo nakala ya kwanza ibebwe kwa diski mkononi na mtandao upewe mabadiliko tu. Na usitegemee wingu peke yake: kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na majirani, na aliyehitaji kurejesha data wiki hiyo kutoka ng'ambo alisubiri.

Kurejesha kujaribiwe kwenye kompyuta ambayo si ya mwenye faili. Chukua hesabu za wiki iliyopita, zirejeshe kwenye Windows nyingine, mwite mhasibu azifungue na kulinganisha salio. Windows inaweza kulikataa faili lililorudi kutoka Linux kwa sababu ruhusa zake za asili hazikusafiri nalo, na ni heri hilo lijulikane siku ya jaribio. Kama unatumia restic, au Borg yenye usimbaji fiche, nenosiri la hifadhi likipotea hakuna atakayekufungulia, hata waliotengeneza programu. Liandikwe kwenye karatasi, karatasi iwekwe kwenye sefu ya ofisi, na nakala yake ishikwe na mtu wa pili anayelala nyumba nyingine. Ikiwa ni Borg inayotunza faili la ufunguo kwenye kompyuta inayonakiliwa, faili hilo nalo litolewe na kuhifadhiwa pamoja na karatasi.